Sapporo wakati wa theluji: mvae nini, mle nini, mtoke saa ngapi

Swali: Tunaishi Mombasa, mimi, mume wangu na mtoto wetu wa miaka 7. Mwezi wa pili tunataka kwenda Japani kwenye tamasha la theluji la Sapporo, tukae siku 4. Hatujawahi kuona theluji ila kwenye televisheni. Hatuli nguruwe wala hatugusi pombe, lakini kula tunapenda sana na tumesikia chakula cha huko kina sifa. Tujiandae vipi, na tutakula nini bila wasiwasi?

Jibu: Dada, kwanza shika tarehe. Tamasha hili, Yuki Matsuri kwa Kijapani, hufanyika mwanzoni mwa Februari kwa muda wa wiki moja hivi. Miaka ya karibuni limekuwa likianza tarehe 4 na kumalizika tarehe 11. Kesho yake asubuhi mashine nzito huingia Bustani ya Odori, penye sanamu kubwa za theluji, kubomoa sanamu zote, kwa sababu mlima wa theluji unaoanza kulegea ni hatari kwa wapita njia. Mtu anayefika tarehe 12 hukuta vifusi vyeupe tu.

Tarehe hiyo ndiyo inayopanga na visa. Mkenya anahitaji visa ya Japani, na visa ya kuingia mara moja hudumu miezi 3 tangu siku inapotolewa. Ukiharakisha ukaipata Oktoba, itakuwa imekwisha kabla hujapanda ndege. Omba Desemba, huku hoteli mmeshaiweka mapema, kwa maana bei za vyumba hupanda sana wiki hiyo. Vyumba vya karibu na bustani vikiwashinda, tafuteni kando ya njia za treni ya chini ya ardhi, au mji wa Chitose, au Otaru. Kutoka miji hiyo miwili mnaingia Sapporo kwa treni kwa dakika 30 hadi 40 tu.

Kuna jambo moja ambalo wageni wengi wa kutoka nchi za joto hukosea. Hupanga siku kwa orodha ya vitu vya kutazama, kisha baridi huwakatiza katikati. Nyinyi pangeni kwa mizunguko: saa moja na nusu nje, saa moja ndani mahali penye chakula cha moto, halafu nje tena. Mtoto wa miaka 7 hasemi anasikia baridi mpaka vidole vimeshauma, na akifika hapo siku imekwisha. Kwa hiyo mlo uchagueni kwanza, na sanamu mzipange kuuzunguka mlo huo.

Baridi yenyewe si ya kutisha kama mnavyodhani. Februari mchana Sapporo hucheza kwenye sifuri, na usiku hushuka nyuzi 6 au 7 chini yake. Kinachoumiza ni unyevu na upepo. Acheni nyumbani suruali za jinzi na soksi za pamba. Pamba hunywa jasho na theluji, kisha hukaa na maji hayo mwilini, na maji hunyonya joto haraka kuliko hewa kavu. Ndani vaeni nguo nyembamba ya kubana ya nyuzi za kisasa au sufu, katikati sweta, juu koti lisilopitisha upepo na lenye kofia. Miavuli waachieni wenye mvua. Theluji ya huko ni kavu, watu huikung'uta tu mlangoni. Makoti mazito msiyanunue dukani kwa bei ya Ulaya: mitumba ya Kongowea huleta makoti ya baridi ambayo Mombasa hayana mteja. Angalieni tu zipu na mishono ya mabegani.

Jambo la pili ni kwamba ndani ya majengo kuna joto kali. Madukani, kwenye treni na mikahawani mtatoka jasho msipovua, na jasho hilo mkitoka nalo nje linageuka baridi. Ndiyo maana nguo tatu nyembamba zinashinda moja nene: unavua na kuvaa bila shida.

Viatu ni suala la peke yake, na hapo ndipo wageni huumia hasa. Theluji mpya haitelezi sana. Kinachoangusha ni ile iliyokanyagwa na magari na watu ikayeyuka, ikaganda tena usiku na kung'aa kama kioo. Mahali pabaya zaidi ni kwenye vivuko vya barabara, hasa juu ya mistari myeupe, mahali teksi zinaposimama kwa sababu matairi yamepasugua, na milango ya majengo ambako joto la ndani huyeyusha theluji ya kizingitini. Tembeeni hatua fupi, mkikanyaga kwa wayo mzima, uzito ukiwa juu ya mguu wa mbele, magoti yakiwa yamelegea kidogo. Mikono isiwe mifukoni. Kwenye kona nyingi za barabara kuna masanduku yenye mifuko au chupa za mchanga, na hayo ni ya kila mtu: chukua, mwaga mbele yako, vuka.

Maduka madogo ya mjini huuza vibanio vya meno vinavyofungwa chini ya kiatu chochote. Vinasaidia sana nje, lakini vueni kabla ya kuingia ndani, kwani juu ya vigae meno hayo huteleza kuliko soli tupu. Buti zenyewe nunueni Sapporo, ambako soli hutengenezwa kwa mpira laini usiokauka kwenye baridi. Isipokuwa baba kama ana mguu mkubwa: vipimo vya Kijapani ni vya sentimita, na kiatu cha mwanaume zaidi ya sentimita 28 ni shida kukipata. Huyo aje na vyake.

Nunueni pia kairo, vile vifuko vya unga wa chuma vinavyotoa joto vikishika hewa. Vya kubandika huwekwa mgongoni juu ya fulana, kamwe si kwenye ngozi, maana joto lake dogo la muda mrefu huunguza bila mtu kusikia. Vya viatuni ni vingine, vyembamba zaidi, na hudumu saa chache kuliko vya mwilini. Simu iwekeni mfuko wa ndani karibu na mwili, kwani betri hushuka ghafla kwenye baridi.

Sasa tamasha lenyewe. Lilianza 1950, wanafunzi wa shule walipojenga sanamu sita za theluji kwenye Bustani ya Odori. Mwaka 1955 wanajeshi wa Kikosi cha Kujilinda wakaingia na kuanza kujenga zile kubwa, na Olimpiki ya majira ya baridi ya 1972 ikalitangaza duniani. Leo lina viwanja vitatu, vyote bila kiingilio.

Odori ni bustani ndefu ya kilomita 1.5 katikati ya mji, imegawanyika vitalu vinavyoitwa chome. Hapo ndipo penye sanamu kubwa, nyingine zikifika mita 15 kwenda juu. Theluji yake haiokotwi mjini kwani ni chafu. Huletwa kwa malori kutoka nje ya mji, hushindiliwa ndani ya fremu za mbao, fremu hutolewa, ndipo watu huchonga kwa sepetu na shoka kuanzia juu wakishuka chini. Mwisho hupakwa theluji safi laini, ambayo Wajapani wenyewe huiita theluji ya vipodozi. Mchana ukiwa na joto, pua na vidole vya sanamu huanza kudondoka, na usiku mafundi hurudi kuziba. Kwenye chome ya 11 hushindana timu za mataifa mbalimbali. Nendeni huko siku za mwanzo za tamasha, wakati bado wanachonga, kwani mtoto atafurahia kuona mikono ikifanya kazi kuliko kuona kilichokamilika.

Saa za kwenda: jua huzama kabla kidogo ya saa 11 jioni, na kuanzia hapo hadi saa 2 usiku Odori hujaa kama Mwembe Tayari mkesha wa Idi. Tena njia za miguu ni za kwenda upande mmoja tu, ukipita sanamu huwezi kugeuka nyuma, inabidi uzunguke. Nendeni mara mbili. Asubuhi saa 2 mwanga ni wa pembeni, michongo inaonekana vizuri na watu ni wachache. Kisha rudini baada ya saa 2 na nusu usiku kuona taa na picha zinazomulikwa juu ya sanamu. Taa huzimwa saa 4 usiku. (Vibao vyao huandika 22:00. Toeni sita, na jibu likizidi 12 toeni tena 12, msije mkachanganya.) Mnara wa televisheni ulio mwisho wa bustani upande wa mashariki una ghorofa ya kutazamia kwenye mita 90. Pandeni robo tatu ya saa kabla ya jua kuzama, muone bustani mchana na usiku kwa tiketi moja.

Susukino, kituo kimoja cha treni kusini mwa Odori, ni sanamu za barafu, si theluji. Barafu angavu, nyingine zikiwa na samaki na kaa wazima waliogandishwa ndani yake. Huo ni mtaa wa baa na starehe za usiku, basi na mtoto piteni mapema jioni. Nusu saa yatosha.

Kiwanja cha tatu, Tsudome, ndicho cha mtoto wenu. Kuna mitelezo ya theluji ya kukalia maboya, na ukumbi mkubwa wa kupumzikia. Huwa wazi kuanzia saa 4 asubuhi hadi saa 10 jioni. Pandeni treni ya njia ya Toho hadi mwisho wake, kituo cha Sakaemachi, kisha mtembee dakika 15. Fikeni mlango unapofunguliwa, maana foleni ya mitelezo saa 6 mchana humaliza uvumilivu wa mtu mzima, seuze mtoto.

Baridi ikizidi, shukeni chini ya ardhi. Kutoka kituo kikuu cha Sapporo hadi Odori na hadi Susukino kuna njia ya miguu ya chini kwa chini, yenye joto, maduka na vyoo safi. Wenyeji wengi hupita huko majira yote ya baridi.

Tuje kwenye chakula, na hapa nitakaa kidogo, kwani ndipo penye mitego kwenu.

Rameni ya miso ni mzaliwa wa Sapporo, ilianza kupikwa katika mikahawa ya mji huo miaka ya 1950. Ni tambi nene za manjano zilizojipinda, kwenye supu ya miso, yaani soya iliyochachushwa, pamoja na chipukizi za maharage na mahindi. Ile ya kawaida si yenu. Supu huchemshwa kwa mifupa ya nguruwe, mboga hukaangwa kwa mafuta yake, na juu ya bakuli humiminwa tabaka la mafuta hayohayo ili mvuke usitoke na supu ibaki moto hadi tone la mwisho. Kwa hiyo kumwambia mpishi atoe nyama hakusaidii kitu. Tafuteni kwenye ramani ya simu kwa neno ハラール, yaani halali, na msome maoni ya karibuni, kwa sababu mikahawa hubadilika.

Supu kari, nayo ya Sapporo tangu miaka ya 1970, itawapendeza zaidi. Ni mchuzi mwepesi wa viungo, wenye paja zima la kuku na mboga kubwa kubwa zilizokaangwa: kiazi, karoti, boga, bamia, mzizi wa yungiyungi. Wali huja sahani yake. Unachota wali kwa kijiko, unauchovya mchuzini, unakula. Usimwage wali wote ndani, utanyonya mchuzi na kuvimba. Unapoagiza unachagua aina ya supu, kitoweo, ukubwa wa wali na namba ya ukali. Mtu wa Pwani namba 3 ataiona ya watoto, lakini namba za juu huongezewa bei na ni kali kweli. Mtegemee yen 1,400 hadi 2,000 kwa bakuli. Mtego wake ni kwamba mikahawa mingi huchanganya mifupa ya kuku na ya nguruwe kwenye supu, hata ukichagua kitoweo cha mboga au samaki. Ulizeni juu ya supu, si juu ya nyama.

Jingisukan ni nyama ya kondoo inayochomwa mezani kwenye chuma kilichovimba katikati kama kofia. Kipande cha mafuta ya kondoo hupakwa kileleni, vitunguu na chipukizi hupangwa ukingoni, nyama hukaa juu, na mchuzi wake hutiririka kupitia mifereji ya chuma ukaiva pamoja na mboga. Msiifunike nyama kwa mboga, itachemka badala ya kuchomeka, na msiigeuze geuze. Nyama nyingi hutoka Australia na New Zealand, lakini hilo pekee haliifanyi kuwa halali. Ulizeni cheti, na ulizeni kama chuma hichohicho huchomewa nguruwe. Mchuzi wa kuchovya, wa soya, tufaha na kitunguu saumu, mara nyingi hutiwa mirin, ambayo ni pombe ya kupikia. Ombeni chumvi na limau. Makoti yawekeni kwenye mfuko wa plastiki, wengine huutoa wenyewe, la sivyo yatanuka kondoo mpaka Mombasa.

Kwa raha isiyo na maswali mengi, kimbilio lenu ni bahari. Soko la Nijo liko mwendo wa dakika 10 kutoka Odori, na vibanda vyake huuza kaisendon, bakuli la wali lililofunikwa samaki mbichi. Nendeni asubuhi, maana mchana vingi hufunga. Bei hutoka yen 2,000 hadi 5,000 na zaidi, na tofauti yake ni kilichowekwa juu. Msivutwe na bakuli la bei kubwa lenye uni, zile tezi za uzazi za rangi ya chungwa za mnyama wa miiba miambani. Uni inayosifiwa ya Shakotan huvuliwa Juni hadi Agosti, hivyo ya Februari hutoka kwingine na unalipia jina. Mayai mekundu ya samoni nayo ni ya vuli, yamehifadhiwa. Ni matamu, ila si ya jana. Badala yake jaribuni kamba mkubwa aitwaye botan ebi, hotate, aina ya kombe mwenye nyama nyeupe tamu, chaza wa Akkeshi, na samaki hokke anayepasuliwa, kukaushwa na kuchomwa. Kaa wenye sifa zaidi ni watatu: taraba mwenye miguu minene, zuwai mwembamba mtamu, na kegani mdogo mwenye manyoya anayesifiwa kwa ute wake wa ndani. Kabla hajapikwa, ulizeni bei ni ya mzima au ya gramu 100. Hukumu ya kaa kimadhehebu mnaijua nyinyi.

Mbichi asipowafaa mtoto, mpeni samaki wa kuchoma na wali, au jagabata, kiazi cha moto kilichopasuliwa na kutiwa donge la siagi, kinachouzwa kwenye vibanda vya Odori kwa mia chache za yen. Hokkaido, kisiwa ilipo Sapporo, hutoa zaidi ya nusu ya maziwa ghafi ya Japani, na siagi yake inaonja hivyo. Vibandani nendeni na fedha taslimu. Mashine za kutolea pesa za maduka ya 7-Eleven hukubali kadi za nje. Kuleni palepale mlipo, hawapendi watu watembee huku wanakula kwenye umati, na taka rudisheni kibandani mliponunua.

Angalizo la vinywaji: amazake, kinywaji cha moto kitamu cha mchele, kiko cha aina mbili. Cha kimea cha koji hakina pombe, cha machicha ya kutengenezea pombe kinayo, na kwenye kikombe vinafanana. Msipopata jibu la wazi, mashine za barabarani zina chai na limau ya moto: kitufe chekundu ni moto, cha bluu ni baridi.

Maneno machache ya kubeba. Nguruwe ni buta, kwa maandishi 豚. Pombe ni osake, 酒. Na hapa pana kichekesho: samoni naye huitwa sake, ingawa huandikwa 鮭. Ukisema mkahawani hutaki sake, yawezekana ukanyimwa samaki na kubaki na pombe. Semeni osake kwa pombe, na shake kwa samaki. Swali lenyewe ni hili: "Buta to osake wa haitte imasu ka?", yaani kuna nguruwe na pombe ndani? Liandikeni pia kwenye karatasi kwa Kijapani mkiongeza mirin (みりん) na mafuta ya nguruwe (ラード). Wahudumu hawavitaji kwa kuwa kwao si nyama wala kinywaji, ni viungo. Msikiti upo, wilaya ya Kita, karibu na Chuo Kikuu cha Hokkaido.

Siku moja ya zile nne itoeni kwa Otaru. Mji huu wa bandari nao huwa na tamasha lake Februari, la mishumaa inayoelea kwenye mfereji wa zamani na taa za theluji zilizofinyangwa kwa mikono. Ni dogo, tulivu, na kwa macho ya wengi linapendeza kuliko Odori. Mkienda, kaeni upande wa kulia wa treni, reli hupita kando ya bahari. Fikeni mchana mle sushi, mishumaa iwashwe jioni, mrudi kulala.

Msipange ndege ya kurudi Nairobi iondoke Tokyo siku ileile mnayotoka Sapporo. Februari 2022 theluji ilisimamisha treni za Sapporo kwa siku kadhaa, na uwanja wa ndege wa New Chitose huweza kufunga njia zake dhoruba kali inapopita. Lala Tokyo usiku mmoja. Uwanjani fikeni mapema, mna mikahawa mizuri na maduka ya peremende na biskuti za maziwa za kupelekea ndugu. Kwenye pakiti angalieni alama mbili: 豚 mnaijua tayari, na 洋酒, ambayo ni pombe ya Kizungu, mara nyingi ramu iliyolowekewa zabibu.